Tusimlaumu mvutaji peke yake



Hivi karibuni mtaani kwetu tulimzika kijana aliyemalizwa na unga. Tukiwa makaburini nilisikia watu wakisema, "Amejitakia mwenyewe." Kauli hiyo imenisikitisha sana. Inamhukumu marehemu na kumwacha muuzaji anatamba.

Sote tumezoea kusema "kasumba ya kikoloni" tunapokemea fikra za utumwa. Lakini kasumba yenyewe ni afyuni, na unga huu wa heroini unatokana nayo. Historia yake huko China ina funzo kwetu.

Waingereza walisimamia kilimo cha kasumba India, nayo ikauzwa China. Mwaka 1839 mjumbe wa mfalme wa China, Lin Zexu, aliteketeza makasha zaidi ya 20,000. Uingereza ikajibu kwa manowari. Kwa mkataba wa Nanjing wa 1842, China ilitozwa dola milioni 21, na milioni 6 kati ya hizo zilikuwa fidia ya kasumba iliyoteketezwa! Mwaka 1858, baada ya kupigwa tena, China ikakubali biashara hiyo iwe halali kwa ushuru wa tael 30 za fedha kwa kila pikuli. Je, hayo tuyaite mazungumzo? Mwenye mzinga alisema, asiye nao akatia sahihi.

Mambo yalibadilika mwaka 1906. China ilitangaza kukomesha kasumba katika miaka kumi, na Bunge la Uingereza likakiri kwamba biashara hiyo haina utetezi wa haki. Yakafuata makubaliano ya 1907. Kuanzia 1908 India ingepunguza makasha 5,100 kila mwaka kutoka 51,000, na China nayo ingepunguza kilimo chake kwa kadiri hiyo hiyo. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Mkataba wa 1911 ukaongeza kwamba jimbo lililothibitishwa kuwa halilimi tena lisiletewe kasumba ya India. Wakaguzi walikwenda mashambani kujionea. Mwaka 1913 India iliacha kuuza kasumba kwa ajili ya China.

Simsifu mkoloni. Wakati huo China yenyewe ilikuwa ikilima kasumba nyingi kuliko iliyonunua, hivyo faida ya Mwingereza ilikwisha kupungua. Wala sisemi kwamba mambo yaliishia hapo. Baada ya ufalme kuanguka, wababe wa kivita waliwafanya wakulima wapande tena ili wapate kodi ya kulipa askari, na wananchi wakateseka mpaka miaka ya 1950.

Hata hivyo, funzo ni wazi. Mkataba wa kipigo ulieneza sumu. Mkataba uliombana muuzaji na mnunuzi pamoja, kwa kipimo, tarehe na ukaguzi, uliipunguza. Ulipokosekana utawala imara wa kuusimamia, sumu ikarudi.

Ndugu Mhariri, heroini inafika pwani yetu kwa majahazi kutoka ng'ambo ya bahari. Tunashukuru kwamba tangu 2011 Muhimbili inawatibu walioathirika kwa methadoni. Lakini kutibu bila kuziba mlango ni kuteka maji kwa pakacha. Serikali yetu iendelee kukaa meza moja na nchi zinakotoka na zinakopitia dawa hizi, na kila upande utaje utafanya nini, lini, na nani atakagua. Nasi wananchi tuwataje wauzaji tunaowajua, hata kama wanatuchangia harusi na misiba.

Kijana wetu hakulima kasumba wala hakumiliki jahazi. Tusimzike na lawama zote peke yake.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam.