Tani ya kurudi Dar: msimlaumu mwenye gari

Naandika kutoka Magomeni. Ya Mtwara hii, siyo ile ya Mapipa. Test zimeisha, bumu liliisha kabla ya test, kwa hiyo muda wa kuandika ninao wa kutosha.

Leo nataka kubishana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni hawa wafanyabiashara wa mjini wanaosema wenye malori walizoea kula vya bure, sasa wakipewa bei ya soko wanalia. Wa pili ni wenye malori wenyewe. Hawa kila wakikaa kijiweni wanamtafuta mchawi: "Kuna watu wanaharibu soko, wanabeba kwa bei ya kutupa." Mimi naona wote wawili wamekodolea macho bei ya tani, wakati kinachomuua mtu mwenye gari moja kwenye njia ya Mtwara–Dar ni siku za kusubiri mzigo. Bei ya chini ni homa. Malaria yenyewe iko kwingine.

Kwanza tukumbushane bei ilianguka vipi. Wazee watakwambia habari za kivuko cha Rufiji pale Ndundu, magari yanalala foleni, na masika barabara inakufa kabisa. Reli hatuna, ile ya Nachingwea ya enzi za mradi wa karanga ilifungwa mwaka 1962. Basi wakati ule mzigo wa Mtwara ulikuwa ghali kwa sababu waliokuwa tayari kuua gari njiani walikuwa wachache. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003. Lami ikaja vipande vipande, na kile kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 tu, kikatutesa mpaka miaka ya 2010. Lami ilipoungana, kila mwenye kichwa na tela akagundua kwamba kumbe kusini kunafikika. Magari yakaja. Mzigo haukuongezeka kwa kasi hiyo.

Sasa hapo ndo utamu wa hadithi ulipo. Mzigo wa kushuka na mzigo wa kupanda haulingani hata siku moja. Kutoka Dar vinashuka vitu vyote vya dukani: sukari, sabuni, mabati, soda, vipuri, mwaka mzima. Kutoka hapa kwenda Dar tunategemea msimu. Kuna ufuta katikati ya mwaka, kuna korosho kuanzia Oktoba, chumvi kidogo, mbaazi kidogo. Februari mpaka Mei ni ukame, na ndo miezi ya mvua pia. Saruji ipo, kiwanda cha Dangote kilizinduliwa Oktoba 2015, lakini kilikuja na mamia ya malori yake chenyewe. Siwalaumu, ni biashara yao. Ila mtu wa Scania moja aliyeuona mlima wa saruji akadhani ni mzigo wake, hakupiga hesabu vizuri.

Kwa hiyo gari likishusha hapa, dereva anatafuta chochote cha kurudi nacho. Kurudi atarudi tu, kilomita kama 560, na dizeli ataichoma tu. Tofauti ya dizeli kati ya tela tupu na tela lenye mzigo siyo kubwa kiasi hicho, kwa hiyo kila shilingi inayozidi tofauti ile anaiona faida. Dalali analijua hilo kuliko mtu yeyote. Baba mwenye nyumba wetu ana gari moja, na siku moja nilikuwa nimekaa naye barazani simu ikaita. Dalali anasema elfu thelathini kwa tani. Mzee akasema hapana, hiyo haifiki hata kwenye tairi. Dalali akajibu kwa upole kabisa, "Sawa mzee wangu, ila gari zipo." Mzee akakaa kimya kidogo, halafu akampigia dereva: "Tandika turubai, mzigo umepatikana."

Hivi mnadhani yule mzee hajui kuhesabu? Anajua. Tupige pamoja, na namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke zake. Tuseme kushuka amepata 70,000 kwa tani, kurudi 30,000, anabeba tani 30. Hiyo ni 2,100,000 na 900,000, jumla milioni tatu kwenda na kurudi. Kilomita 1,120, gari linakula lita moja kwa kilomita 2.2, ni kama lita 510. Kwa 2,800 kwa lita ni 1,428,000. Tairi zipo 22, tuseme moja ni 600,000 na inadumu kilomita 80,000, safari hii imekula 184,800 ya mpira. Posho ya dereva na utingo 300,000. Dalali 150,000. Jumla ya kutoka ni 2,062,800. Zimebaki 937,200.

Ukiishia hapo unasema mbona mzee ana hela! Sasa leta kalenda. Siku tano anasubiri mzigo Dar, siku tano anasubiri hapa, siku tano za njiani, kupakia na kushusha. Hiyo ni wiki mbili na siku moja, yaani safari mbili kwa mwezi. Mwezi mzima amepata 1,874,400. Kama alikopa milioni 100 kwa miaka minne, marejesho ya mtaji peke yake, bila riba, ni 2,083,333 kila mwezi. Bado hajabadilisha oili. Bado bima, bado leseni, bado gereji, bado watoto.

Haya, tumpe kile ambacho kijiwe kinakililia. Tupandishe bei ya kurudi kwa elfu tano kwa tani. Anaongeza 150,000 kwa safari, 300,000 kwa mwezi. Anagusa mtaji wa mkopo, riba inamcheka. Sasa tuiache bei ileile mbovu, tupunguze kusubiri kwa nusu tu. Safari inakuwa siku kumi, kwa mwezi anakwenda mara tatu, anabakiwa na 2,811,600. Safari moja ya ziada imemletea 937,200, mara tatu zaidi ya ile nyongeza ya bei. Ndiyo maana mzee alichukua ile elfu thelathini. Kukataa kwake kungemlaza siku nyingine tano ili apate elfu tano juu. Alifanya hesabu sahihi, na kila mwenzake anafanya hesabu hiyohiyo sahihi, na wote kwa pamoja wanazama. Lekcha wetu anasema soko litajirekebisha lenyewe, wanaoshindwa watatoka. Kweli watatoka. Ila anayetoka wa kwanza ni mwenye gari moja. Mwenye magari hamsini mengine yake yako Tunduma, mengine kwenye makaa ya mawe ya Ruvuma, kwake Mtwara ni njia moja kati ya nyingi.

Zamani kulikuwa na mlango wa uani: bei ikishuka, unajaza zaidi. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ilipoanza kutumika nchini Machi 2019, mlango ule ukabanwa. Kikomo cha juu kabisa ni tani 56, gari na mzigo wake. Naiunga mkono, barabara ni yetu. Lakini ujue sasa anayebanwa na bei anakata wapi. Anakata kwenye tairi, anavaa kipara. Anakata kwenye usingizi wa dereva. Ukipanda basi la usiku kwenda Dar kufunga chuo, yule unayepishana naye kwenye kona za Kilwa ndiye mtu huyo.

Halafu yako mambo ya juu, ambayo mwenye gari anayasikia redioni tu. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kusomba. Waliokuwa wametengeneza magari yao kwa ajili ya msimu walibaki wanayaosha. Kisha msimu wa 2023/24 ikaagizwa korosho za kusini zitokee bandari ya Mtwara badala ya kupelekwa Dar. Hapa nitaudhi wenye malori wengi, lakini mimi naliona agizo lile lilikuwa sahihi. Gati jipya tumejengewa, vibarua wa Mtwara nao wale. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aseme wazi: jamani, huu ndo ulikuwa mzigo mkubwa wa kurudi, tumeuondoa barabarani, sasa magari yanayoshusha sukari hapa yatapanda na nini? Jibu langu ni korosho iliyobanguliwa hapahapa, ikifungashwa, ikienda sokoni Dar na kwingine. Hilo ni la miaka. Marejesho ya benki ni ya mwisho wa mwezi.

Wanaosema wenye magari wakutane wapange bei ya chini, wakumbuke Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja. Na LATRA tunaisikia ikitangaza nauli za mabasi, mzigo ni maelewano yako na mteja. EWURA nayo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi inatangaza bei ya mafuta, ukipenda usipende. Yaani gharama yako ina tangazo, mapato yako yana dalali.

Kwa hiyo tuzifuate siku. Kuna kulala kunakotokana na kukosa mzigo, na kuna kulala na mzigo mgongoni, na hiki cha pili ndicho kinachoniudhi. Gari limefika, mteja anasema ghala limejaa, subiri kesho. Kesho inakuwa Ijumaa. Amelipata ghala la bure lenye tairi 22! Iandikwe kwenye karatasi ya mkataba kwamba siku mbili za kushusha ni za bure, kuanzia ya tatu gari linalipwa kwa kila usiku. Meli ikicheleweshwa bandarini mtu analipa, mbona lori halilipwi? Iandikwe pia njia ikikatika ni hasara ya nani. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara maeneo ya Somanga, magari yalikaa siku kadhaa pande zote mbili, na kwa wengi hapakuwa na mkataba wa kuulizana, kulikuwa na simu tu.

Na huku kulala kwa kukosa mzigo, nusu yake ni kukosa habari. Mnada wa korosho unatangazwa, bei ya juu na ya chini tunazijua jioni ileile hadi vijiweni. Lakini mzigo ule unatoka ghala gani, tani ngapi, tarehe gani, na unahitaji magari mangapi, hilo utalipata kwa dalali, akipenda. Tarehe zikijulikana mapema, mwenye gari aliyeko Dar anapanga safari ashuke siku inayofaa, hashuki kwa kubahatisha.

Mliopangiwa fildi kwenye AMCOS za Tandahimba na Newala, msimu ukianza naomba mniulizie kwa katibu: ratiba ya kusomba mzigo inabandikwa wapi? Kama haibandikwi, mwulizeni nani anayo kwenye simu yake.