Nani Alimlipa Creighton?

Makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinagombania tumbo la marehemu. Je, Jim Creighton, mrushaji wa klabu ya besiboli ya Excelsior ya Brooklyn, aliumia tumboni alipozungusha gongo dhidi ya klabu ya Unions wa Morrisania, Oktoba 1862, akadhani ni mkanda wake uliokatika? Au aliingia uwanjani na maumivu aliyoyapata kwenye kriketi? Nimezichapa, maana zimeandikwa kwa bidii. Lakini kijana huyu aliishi miaka 21, na mitatu ya mwisho iliugeuza mchezo wa besiboli. Mbona tunang'ang'ania siku nne za kufa kwake?

Mimi nataka tuzungumze fedha. Mwaka 1859 Creighton alitoka klabu ya Niagara akaenda klabu ya Star. Mwanzoni mwa 1860 yeye na George Flanley wakahamia Excelsior. Chama cha klabu za besiboli kilikuwa kimepiga marufuku wachezaji kulipwa, na Excelsior walikuwa mabwana wa Brooklyn, watu wa heshima zao. Mabwana hao wanamchukua kijana wa miaka 18, wanazunguka naye mpaka Buffalo na Baltimore, watu wanafurika kumwona, halafu tuambiwe alifuata mapenzi ya mchezo tu? Mwandishi wetu mmoja anadai risiti. Risiti ya malipo ya haramu! Akiipata, nitaiweka jaladani.

Kilichonunuliwa ni mkono. Kanuni ilitaka mpira urushwe kutoka chini, mkono umenyooka, mpigaji aupate bila taabu. Creighton aliurusha kwa kasi isiyozoeleka, na wapinzani walilalamika kwamba alikuwa akikunja kifundo cha mkono kwa siri. Tangu hapo mrushaji hakuwa tena mtumishi wa mpigaji. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani bure, na wafanyabiashara wa Brooklyn walilijua hilo kuliko sisi.

Mtazameni Asa Brainard, mwenzake wa Excelsior aliyerithi kazi ya kurusha baada ya mazishi. Mwaka 1869, malipo yakiwa yamesharuhusiwa, aliirushia Cincinnati Red Stockings kwa dola 1,100 za msimu, hadharani. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni ujasiri wa waajiri.

Hata viongozi wa Excelsior walipoitupia lawama kriketi, sioni kwamba walikuwa wakifanya uchunguzi wa kitabibu. Walikuwa na mchezo wa kuuza, na mchezo unaoua nyota wake hauuziki. Waandishi wetu wanaoyarudia maneno yao leo wajiulize wanamtetea nani.

Makala ya ziara ya 1860 inajieleza. Ile ya mnara wake katika makaburi ya Green-Wood ni fupi na safi, anzeni nayo.

Mwenye hoja ya kunipinga kuhusu malipo aniandikie, nitaichapa. Za mkanda hatupokei tena.