Kulala Bukavu, kutumika Kamembe: kodi ya mshahara inalipwa wapi?

Wako wakaaji wa Bukavu wenye kuvuka Ruzizi asubuhi kwenda kutumika Kamembe, mangaribi wanarudi kulala kwao. Wamoja wanafikiri kwamba asiye mkaaji wa Rwanda hadaiwi kodi kule. Si vile. Hata asiye mkaaji analipa kodi juu ya mshahara wa kazi aliyofanya Rwanda.

Mwajiri ndiye anaikata kila mwezi, mbele ya kumpa mtu pesa yake. Franka 60.000 za Rwanda za kwanza hazikatwi. Kutoka pale mpaka 100.000 ni 10 kwa mia, mpaka 200.000 ni 20 kwa mia, kupita pale ni 30 kwa mia. Mwenye mshahara wa 200.000 anakatwa 24.000. Pesa ya pansioni ni kando.

Hatari ni kulipishwa mara mbili. Tarehe 26 Juni 2021, huko Goma, Kongo na Rwanda zilitia sahihi mapatano ya kuzuia jambo hilo. Lakini mapatano hayamsemei mtu mikono mitupu. Kila mwezi, mfanyakazi aombe karatasi ya mshahara yenye kuonyesha kodi iliyokatwa, na aichunge. Siku DGI ya Kongo itamuuliza, bila karatasi ile ataonyesha nini?