Tyubu haijafa, haijapimwa

Televisheni ya chogo inayogoma kuwaka au kuleta picha kwa kawaida ina ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo hujionyesha kwenye kioo, kwenye taa ndogo nyekundu au kwenye fyuzi. Anayeutafuta kwa utaratibu, akianzia ukutani kwenye soketi na kumalizia kwenye tyubu, huupata. Wiki hii pale Chumbi, kusini mwa Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, utaratibu huo ulipinduliwa kichwa chini miguu juu. Mama mmoja alipeleka chogo yake ya inchi 21 kwa fundi wa kando ya barabara kuu. Sauti ilikuwa inatoka vizuri, lakini kioo kilikuwa cheusi, isipokuwa mstari mmoja mweupe uliolala katikati. Fundi hakufungua kifuniko wala hakushika mita. Alitazama kidogo, akasema tyubu imekufa, akampa mama bei ya skrepa na kumshauri atafute televisheni ya flati.

Hukumu ile ilikuwa ya uongo, na kwa mtu aliyeununua mzigo ule kwa fedha za korosho ni dhuluma. Mstari mweupe ni ushahidi kwamba tyubu ni nzima. Ili mstari huo uonekane, ni lazima flaibeki, transfoma inayolisha tyubu, iwe inatoa umeme wake mkubwa, ambao kwenye chogo ya inchi 21 hufika volti 25,000 hivi. Ni lazima pia shingo ya tyubu iwe inapata moto, na rangi zote tatu, nyekundu, kijani na buluu, ziwe zinafika kwenye kioo kwa pamoja, maana zikichanganyika ndipo weupe unapopatikana. Kinachokosekana ni nguvu ya kuutawanya mwale unaochora picha juu na chini, basi. Kazi hiyo hufanywa na chipu moja iitwayo aisii, iliyofungwa kwenye bati la kupozea joto. Kwa kuwa inachemka na kupoa kila siku, lehemu kwenye miguu yake hupasuka mduara mwembamba kama unywele. Kijana wa kibanda cha pili, mwenye pasi ya lehemu na taa ya kichwani, aliigeuza bodi, akaionyesha miduara hiyo kwenye miguu miwili, akaiyeyusha lehemu upya, na picha ikajaa kioo. Lehemu isipotosha hubadilishwa aisii yenyewe au kapasita zilizo jirani nayo. Kabla ya hapo, mwenye chogo anatakiwa apunguze mwanga au aizime kabisa, kwa sababu mstari ukiachwa uking'aa saa nzima huunguza kioo na kuacha alama ya kudumu. Mstari ukisimama wima badala ya kulala, kosa liko upande wa pili, aghalabu kwenye waya au lehemu ya koili iliyovishwa shingoni.

Uchunguzi wenyewe unaanza na umeme. Mto Rufiji sasa una bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lakini kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu kinaweza kupata umeme mdogo jioni, kila nyumba inapowasha taa na feni. Picha inayosinyaa pande zote mbili saa mbili usiku na kujaa tena usiku wa manane inalalamikia umeme. Inayosinyaa mchana kutwa inalalamikia kapasita kubwa ya kwenye pawa saplai, ile inayopokea umeme wa volti 230 uliokwisha kunyooshwa na diodi nne na kuuhifadhi kwenye volti 320 hivi. Kapasita iliyochoka mara nyingi huvimba kichwani au huvuja majimaji ya kahawia.

Chogo isiyo na dalili yoyote ya uhai huangaliwa plagi, waya, swichi, kisha fyuzi. Fyuzi ya kioo inasema mengi. Uzi ukikatika huku kioo kikibaki safi, huenda ni uzee au umeme uliopanda ghafla. Fyuzi mpya ya kiwango kilekile inaweza kumaliza kazi. Kioo kikiwa cheusi au chenye rangi ya fedha ndani, kuna shoti: diodi, transista ya pawa, au kile kidude cheusi kinacholisha koili ya kuondoa sumaku. Fyuzi mpya itakatika papo hapo. Hapa ndipo mafundi wengine huvingirisha karatasi ya pakiti ya sigara au uzi wa waya wa shaba, na safu hii haijawahi kuwavumilia watu hao. Fyuzi imewekwa ili ikatike yenyewe, nyumba isiungue. Fundi mwenye akili hufunga balbu ya zamani ya wati 60 au 100 mahali pa fyuzi. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti bado ipo. Ikiwaka mara moja na kufifia, umeme unapita salama.

Taa nyekundu ikiwaka na chogo isifunguke, kwanza ijaribiwe kwa vitufe vya mbele, maana huenda rimoti ndiyo mbovu. Ikijaribu kuwaka na kuzima, ikitoa mlio wa tik-tik, inayoshukiwa kwanza ni transista kubwa inayoendesha flaibeki, kisha flaibeki yenyewe. Mlio wa kukaanga na harufu kali nyuma ya kifuniko ni umeme wa flaibeki unaotorokea pembeni, jambo la kawaida kwenye delta ya Rufiji, ambako vumbi na unyevunyevu wa chumvi hukutana. Izimwe, isafishwe mapema.

Chenga kwenye kioo si ugonjwa wa picha. Urushaji wa analojia ulianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha miji mingine ikafuata, na tangu hapo antena iliyochomekwa moja kwa moja kwenye chogo haina cha kupokea. Inahitaji king'amuzi, waya wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, na kitufe cha AV kibonyezwe. Picha ikija bila rangi, king'amuzi kirudishwe kwenye PAL kabla fundi hajaitwa.

Madoa ya zambarau au kijani pembeni ni sumaku, mara nyingi ya spika iliyoegemezwa ubavuni. Spika iondolewe, chogo izimwe nusu saa ipoe, iwashwe tena. Koili yake ya kuondoa sumaku itakisafisha kioo kidogo kidogo kila inapowashwa. Kioo chote kikigeuka rangi moja inayong'aa, yenye mistari myembamba ya kukatiza, kosa hutafutwa kwanza kwenye bodi ndogo ya shingoni. Picha yenye ukungu asubuhi inayosafika baada ya robo saa inatokana na soketi ya shingo iliyoshika kutu ya unyevu. Soketi hiyo hubadilishwa, tyubu haiguswi.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, chogo zilizolowa ziliwashwa haraka na kuungua. Iliyoingia maji huoshwa tope kwa maji safi, hufunguliwa na kukaushwa siku kadhaa kivulini penye upepo, ndipo ijaribiwe kwa balbu.

Yote haya ni ya mwenye ujuzi. Tyubu hubaki na umeme muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa, na kapasita kubwa vilevile. Fundi humaliza umeme huo kwanza, ule wa tyubu kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki iliyofungwa waya kwenye mkanda wa chuma unaozunguka tyubu, akiipenyeza chini ya kifuniko cha mpira. Mwenye nyumba asifungue.

Tyubu iliyokufa kweli inatambulika. Shingoni hakuna mwanga wa rangi ya chungwa ingawa volti za moto zinafika, au picha ni hafifu na nyeupe zake zinang'aa kama fedha hata mwanga ukiongezwa. Hapo ndipo fundi anaruhusiwa kusema imekufa, mita ikiwa mkononi. Kioo chake kina risasi ndani yake, kwa hiyo hakivunjwi ili kuchukua shaba ya shingoni, wala hakitupwi kwenye mashamba ya bondeni ambako mto unaweza kuja masika.