Kibofu cha Majeruhi Nacho Kitazamwe

Mchumaji wa karafuu akianguka Pemba, watu hutazama miguu yake. Kijana wa Matai, kule Ufipa, akipinduka na lori la mahindi katika barabara ya Kasanga, hutazamwa vivyo hivyo. Husemwa: hatatembea tena. Matai i mbali na visiwa vyetu, lakini jeraha ni moja, na kusahau kwetu ni kumoja: hatuulizi habari za kibofu.

Uti wa mgongo ukiumia, amri ya ubongo haifiki kibofuni. Mkojo hujaa, huweza kurudi juu na kuharibu figo. Zamani majeruhi wengi wa namna hii waliuawa na figo, miezi au miaka baada ya ajali. Aliyesalia hujitenga, akikimbia baraza na msikiti kwa kuona haya.

Elimu ya kuwaokoa ipo. Katika miaka ya 1970 Profesa Giles Brindley wa London alibuni chombo cha umeme kinachopachikwa mwilini, kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu chini ya mgongo. Mgonjwa huwasha kidude cha nje, kibofu hujikaza, mkojo hutoka. Ni kazi ya kusifiwa; lakini yataka upasuaji mkubwa, mabingwa na fedha nyingi, wala haimfai kila majeruhi.

Je, tungoje mpaka umeme huo ufike Matai? Hasha. Mwaka 1972 Dakta Jack Lapides wa Marekani na wenzake walieleza njia nyepesi: mgonjwa anawe mikono, ajitoe mkojo mwenyewe kwa mpira safi kila baada ya saa chache. Njia hiyo ingali ikitumika duniani kote.

Kwa hiyo tunawataka wakuu wa afya, Bara na Visiwani, watende mambo matatu. Mosi, mipira ya mkojo isikosekane katika hospitali za wilaya. Pili, majeruhi asiruhusiwe kurudi kijijini kabla yeye na jamaa yake hawajafundishwa kuitumia. Tatu, mabingwa wetu waendelee kujifunza tiba ya umeme, ili isibaki kuwa ya matajiri.

Majeruhi hawa waliumia wakitafuta riziki, na jasho lao limelijenga Taifa. Kuwaacha wafe kwa kukosa mpira na sabuni ni aibu yetu sote.