Fundi Bomba na Cheti Chake

Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Ngorongoro hupita Karatu, na hoteli za watalii zimejengwa huko. Kila hoteli yahitaji maji ya kuoga, maji ya jikoni na njia salama ya kuondoa maji machafu. Kazi hiyo iko mlangoni mwa vijana wa Ganako. Je, wataifanya kama mafundi wanaotambuliwa, au watabaki kuchimba mitaro na kubeba mabomba ya mafundi wengine?

Twasema wazi kwamba fundi asiye na cheti ni rahisi kunyonywa. Aweza kuwa amejifunza kazi miaka mingi, lakini siku ya kupatana ujira hana la kuonyesha. Mwenye cheti hulipwa fedha ya kazi. Yeye hupewa posho ya kutwa.

Njia za kupata cheti ni mbili. Ya kwanza ni chuo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi bomba, nayo yana vyeti vya ngazi ya I, II na III. Njia ya pili ni ya yule ambaye tayari ni fundi, nayo huitwa urasimishaji wa ujuzi. Huyo halazimiki kuanza upya darasani. Hupimwa kwa maswali na kwa kazi ya mikono, hufundishwa pale alipopungukiwa, ndipo hupewa cheti.

Hata hivyo, cheti hakimfanyi mtu kuwa mkandarasi. Atakaye kufanya biashara ya ukandarasi sharti asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mafundi wenye vyeti wakiungana, safari hiyo itakuwa nyepesi.

Wako wasemao kwamba vipimo hivi ni usumbufu mtupu. Hatukubaliani nao. Bomba la maji safi lililoungwa vibaya kando ya mtaro wa maji machafu huweza kuvuta uchafu ndani presha inaposhuka, na kipindupindu kikaingia nyumbani. Cheti basi ni kinga ya wananchi wote.

Lakini haki yadai kwamba njia iwe wazi kwa maskini pia. Kutoka Karatu hadi Arusha ni kilomita zipatazo 140, na siku ya safari ni siku isiyo na ujira. Kwa hiyo yafaa wapimaji wawafuate mafundi huko Karatu. Waajiri nao wawape ruhusa bila kuwakata mshahara. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Vijana wa ufundi bomba waunde vikundi, waombe mikopo hiyo wanunue zana.

Ndugu mafundi, kazi mnaijua. Nendeni mkapimwe, ili jasho lenu lilipwe kwa thamani yake.