Birika la Msikiti ni la Nani?

Zamani katika mwambao wetu huu, mgeni aliyeshuka jahazini, au aliyefika kwa miguu katika mji asiokuwa na jamaa, hakuulizia hoteli. Aliulizia msikiti. Hata kama wakati wa sala haujafika, alijua kwamba huko atakuta kisima, atakuta birika limejaa, kata iko ukingoni, jiwe la kusugulia miguu liko chini, na choo kiko pembeni. Atajisitiri, ataoga akiwa na haja ya kuoga, atatawadha, kisha ataketi barazani apumue huku akiuliza njia. Hakuna aliyemwuliza umetoka wapi wala umekuja kwa nani.

Leo mgeni huyo huyo akishuka kwenye matatu huko Likoni saa nne ya asubuhi, au Kongowea, au Magongo kule Changamwe, asishangae akikuta lango la vyoo vya msikiti lina kufuli. Ataambiwa angoje adhuhuri. Sisemi kwamba misikiti yote iko hivyo. Ipo ambayo milango yake i wazi mchana kutwa na maji hayakosi, na waitunzao Mungu awalipe. Lakini kufuli hizo zimekuwa jambo la kawaida hata hatuzioni tena, na haja ya binadamu, kama tujuavyo sote, haifuati saa za adhana.

Hebu tufikiri ni watu gani tunaowazungumzia. Kivuko cha Likoni peke yake hupitisha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, kwa hesabu zinazotolewa na wenye kukisimamia. Humo mna vibarua wa bandarini, wachuuzi wa samaki, wanafunzi, wagonjwa wanaoletwa hospitali kuu kisiwani kutoka Msambweni na Lungalunga, na wazee waliokuwa safarini tangu Tanga. Kongowea kuna soko ambalo wakulima na wachuuzi wake hufika usiku wa manane na malori ya viazi na vitunguu, wakashinda hapo hadi magharibi. Changamwe kuna madereva na mataniboi wa malori ya makontena, ambao pengine hulala chini ya gari siku mbili tatu wakingojea mizigo. Vyoo vya umma vilivyopo havilingani kamwe na umati huo, na vingi ni vya kulipia. Basi msikiti ndio uliobaki.

Mwanamume, kwa kukosa haya, hujibanza ukutani. Ni jambo la aibu, na Mtume wetu (S.A.W.) alilikataza waziwazi, kwani alituonya tusijisaidie njiani wala katika vivuli ambamo watu hupumzikia. Lakini mwanamke mwenye buibui, mwenye mtoto mgongoni, au aliye mja mzito, yeye ajibanze wapi? Wengi wao hufanya jambo moja tu, nalo ni kujinyima maji tangu alfajiri mpaka warudi nyumbani, katika joto hili letu la kaskazi. Kisha wakiugua maradhi ya njia ya mkojo twasema ni kazi ya Mungu. Na hata pale ambapo choo cha msikiti ki wazi, mara nyingi ni cha wanaume peke yao, kwa sababu misikiti mingi ya huku bara ya Mombasa ilijengwa bila upande wa kina mama. Sala ya adhuhuri ikimkuta mwanamke njiani, hana pa kutawadha wala pa kusujudu.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo desturi yetu tangu kale. Nawaomba watu hao wapande gari kutoka Kisauni, wavuke daraja la Mtwapa, waende wakaone magofu ya Jumba la Mtwana. Si safari ya saa nzima. Mji ule ulikaliwa katika karne ya 14, ukahamwa katika karne iliyofuata, na mpaka leo una misikiti minne ya mawe. Mmoja uko ukingoni mwa bahari, na birika lake la kutawadhia lingaliko. Waliochimba magofu hayo waliona katika msikiti huo dalili za chumba kilichotengewa wanawake. Naam, miaka mia sita iliyopita, mji mdogo wa wavuvi na wafanyabiashara uliweza kumfikiria mama, na sisi wenye saruji, matangi ya plastiki na pampu za umeme tumeshindwa.

Ukizidi kwenda mbele hadi Gedi, ambayo mwaka 2024 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, utaona msikiti mkuu una kisima chake na hodhi, na nyumba za mji ule zilikuwa na vyoo vya ndani na mahali pa kuogea. Watalii husimama pale wakastaajabu. Mimi nastaajabia zaidi mahali birika lilipowekwa: liko nje ya nyumba ya sala, ili mtu aliye na uchafu wa safari ajisafishe kwanza, kisha aingie. Maana yake ni kwamba hata asiyeingia kusali angeweza kufika majini bila kukanyaga mkeka.

Tena hili si jambo la majenzi tu. Katika dini yetu kumpa msafiri maji ni cheo. Kabla ya Uislamu na baada yake, kuwanywesha mahujaji huko Makka ilikuwa heshima iliyogombewa, na Abbas, ami yake Mtume, ndiye aliyeishika. Seyyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma huko Madina kwa mali yake, akakitoa kwa watu wote. Bibi Zubeda, mke wa Harun al-Rashid, alitumia mali nyingi mno kuwapelekea mahujaji maji, na jina lake limebaki katika mfereji ule na katika njia ya mahujaji itokayo Iraq. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetia kufuli.

Natujiangalie, kisha tuwaangalie na wenzetu. Hapa Mombasa tumeishi na Wahindi kwa karne nyingi, tukanunua vitambaa vyao na kula bhajia zao, lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza nini hutokea ndani ya mahekalu yao, kama lile la Swaminarayan lililo barabara ya Haile Selassie karibu na stesheni ya gari moshi. Kwao pia maji hutangulia ibada. Mtu huvua viatu, hunawa, na katika mahekalu makubwa ya Bara Hindi huwapo bwawa la ngazi za mawe ambamo mwenye kuzuru huoga kwanza. Imani yao si yetu, wala sina haja ya kuchanganya. Nasema habari ya maji.

Kwa kuwa mahujaji wao ni wengi kupita kiasi, wamelazimika kuifanya habari ya vyoo kuwa sehemu ya maandalizi ya ibada yenyewe. Mwaka 2025, katika mkutano wao wa Kumbh huko Prayagraj ulioanza tarehe 13 Januari hadi 26 Februari, serikali ilitangaza kuweka vyoo vipatavyo 150,000 kwa ajili ya watu waliokuja kuoga mtoni. Usidhani kwamba yote yalikwenda sawa. Katika mwezi huo wa Februari idara yao ya kuzuia uchafuzi ilitoa ripoti kwamba maji ya mto yalikuwa na vijidudu vya kinyesi kupita kadiri inayofaa kuogea. Aliyekwenda Hija na akasimama foleni ya choo huko Mina hatawacheka. Lakini angalau kule kulikuwa na hesabu, na mtu wa kuulizwa. Ni nani ajuaye idadi ya vyoo ambavyo mwanamke anaweza kuingia kati ya kivukoni Likoni na njia panda ya Mtongwe?

Karibu zaidi na sisi uko mfano wa Makindu. Kila aliyesafiri kwa basi kwenda Nairobi amepapita. Hekalu lile ni la Kalasinga, si la Baniani, ingawa wengi wetu twawachanganya. Lilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli, na mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula bure na mahali pa kulala. Anatakiwa avue viatu, afunike kichwa na kunawa mikono, basi. Wangapi katika sisi tumekwisha kujisitiri Makindu tukaendelea na safari, kisha tukafika kwetu tukatia kufuli? Methali yetu yasema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Huo ubaya wake sijui tuliutoa wapi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulitaja, nalo ni nani atakayesafisha. Kamati za misikiti zina hoja, na si hoja za kipuuzi. Watasema mifereji huibwa, watasema maji ni ya kununua kwa lori, watasema wapita njia huchafua kisha waumini wakachukizwa. Yote ni kweli. Lakini choo hakichafuki kwa kuwa wazi, huchafuka kwa kukosa mtu. Hapa petu kazi hiyo imedharauliwa tangu zamani. Mwenye kuifanya tulimwita topasi, neno lililotujia kutoka Bara Hindi pamoja na dharau yake, na kijana wa leo ni afadhali akae barazani bila kazi kuliko kuitwa hivyo.

Huko Bara Hindi kwenyewe alitokea Baniani mmoja wa tabaka la juu, Bindeshwar Pathak, mtu wa Bihar, akaona jinsi watu wa tabaka la chini walivyolazimishwa kuzoa vinyesi kwa mikono na kubeba vichwani. Mwaka 1970 alianzisha shirika la Sulabh. Mwaka 1974 akafungua katika mji wa Patna choo cha umma chenye mahali pa kuogea, na mtu wa kukitunza, kwa malipo ya senti chache. Alieneza pia choo cha mashimo mawili kinachotumia maji kidogo: shimo moja likijaa hufungwa, uchafu ukakauka na kuwa mbolea, huku lingine likitumika. Alipofariki tarehe 15 Agosti 2023, vyoo vya Sulabh vilikuwa vimeenea nchi nzima, na katika mahali pengi pa ibada mahujaji waliviona kuwa jambo la kawaida. Siri yake haikuwa shimo. Ilikuwa mshahara wa mtu anayeshinda hapo na ndoo na dawa.

Je, msikiti nao utoze shilingi? Kwa maoni yangu, la. Stendi ya matatu na soko na watoze. Mlango wa msikiti usiwe na kikapu cha kumhesabia mtu haja yake. Fedha za mtunzaji zipo kwingine. Misikiti yetu mingi ina maduka ya wakf, na Tume ya Wakf makao yake yako hapa hapa Mombasa. Kodi ya duka moja la mbele ya barabara yaweza kuwekwa kwa ajili ya mshahara wa mtu mmoja na bili ya maji. Tumezoea kuchangishana kwa ajili ya mazulia, mnara na taa za kung'ara, na matajiri wetu hupenda kuandikwa majina yao ukutani. Hakuna ubaya. Basi na atokee mmoja aandikwe juu ya choo cha wanawake Likoni, tuone kama thawabu zake zitapungua.

Serikali ya kaunti nayo isijifiche nyuma ya msikiti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya usafi unaofaa na ya maji safi ya kutosha, na haikusema Waislamu wajengewe na Waislamu. Mabomba ya maji taka yafikayo mtambo wa Kipevu huhudumia sehemu ndogo tu ya upande wa Changamwe. Kisauni kwa jumla ni vyoo vya shimo, na visima vyao viko hatua chache tu kutoka mashimo hayo, na ndiyo maana kipindupindu kikiingia mjini twajua kitaanzia mitaa gani. Kwa hiyo choo cha msikiti kikijengwa huko, ni lazima afisa wa afya aje apime umbali wa kisima kwanza. Kuchimba shimo kwa nia njema karibu na kisima ni kuwanywesha majirani uchafu.

Ujenzi utachukua muda, na upande wa kina mama utahitaji fedha na ramani. Lakini kuna moja lisilongoja fedha wala kaunti. Ijumaa ijayo, baada ya sala, kamati ya kila msikiti ulio karibu na stendi, soko au kivuko na iketi dakika kumi, imchague mzee au kijana anayeshinda hapo jirani, fundi cherehani, muuza kahawa, yeyote, na impe ule ufunguo.